Saa inasema kalori 540: mapigo ya moyo yanaweza kukueleza nini

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 38, uzito kilo 78, urefu sentimita 162. Nimehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam miezi miwili iliyopita, na mara nne kwa wiki nafanya mazoezi saa 12 asubuhi. Napanda kwa miguu barabara ya upande wa Loleza kilomita 2.5 kwa dakika 35 (programu ya simu inasema mwinuko ni mita 150), halafu nageuka na kushuka nikikimbia taratibu dakika 20. Saa yangu huonyesha wastani wa mapigo 154 na kalori 540. Nikirudi najirudishia kile saa ilichosema nimetumia, yaani chapati mbili za kununua, juu ya mlo wangu wa kawaida. Wiki nane zimepita na uzito umepanda karibu kilo moja. Je, saa inanidanganya? Ninunue ule mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo? Na mama yangu aliyeko Tukuyu anatumia atenolol kwa ajili ya presha. Nimnunulie naye saa kama hii? Nimeambatanisha picha ya grafu ya mapigo ya juzi.

Jibu

Dada, hongera kwa kushika ratiba wiki nane mfululizo kwenye baridi ya saa 12. Nianze na majibu mafupi. Mazoezi yako yanakugharimu takriban kalori 350 juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa nyumbani, si 540. Mkanda wa kifuani ungeondoa kama theluthi moja ya tofauti hiyo, theluthi mbili zingebaki palepale. Kwa mama, namba ya kalori ya saa isitumike kabisa, na nitaeleza sababu mwishoni. (Kalori ninazozitaja humu ni kilokalori, zilezile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula.)

Hakuna saa ya mkononi inayopima kalori. Kinachopimwa ni mwanga. Chini ya saa kuna taa ndogo za kijani na kihisi cha mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo ya ngozi, hivyo mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko, ikapata mapigo. Kutoka hapo hadi kalori ni hesabu ya makadirio tu.

Kipimo chenyewe cha kalori hufanyika maabara, mtu akiwa amevaa barakoa inayopima hewa anayovuta na anayotoa. Kila lita ya oksijeni ambayo mwili umetumia ni sawa na kalori 5 hivi. Kwa kuwa moyo ndio unaosafirisha oksijeni hiyo, mapigo na oksijeni hupanda pamoja, karibu kwa mstari ulionyooka, kuanzia mwendo wa haraka hadi mbio kali. Hapo ndipo watengenezaji wa saa walipopata msingi wao, na msingi huo ni halali. Tatizo ni kwamba kila mtu ana mstari wake, na mstari huohuo huhama kwa baridi, joto, mwinuko, uchovu, homa na dawa. Lori linalopanda Kitonga kwa gia ndogo linanguruma sana, lakini huwezi kusikiliza mngurumo peke yake ukasema limekunywa lita ngapi za dizeli.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Vifaa 6 kati ya 7 vilipima mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Kwenye kalori hakuna hata kimoja kilichofaulu: kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Vifaa vimeboreshwa tangu hapo, hasa upande wa mapigo, ila njia ya kutoka kwenye mapigo kwenda kwenye kalori ni ileile ya kukadiria.

Kampuni nyingi hazitangazi kanuni zao. Ipo moja ya wazi iliyochapishwa mwaka 2005 na Keytel na wenzake wa Afrika Kusini, inayotumika sana kwenye vikokotoo vya mtandaoni. Kwa mwanamke inakwenda hivi: chukua mapigo kwa dakika uzidishe kwa 0.4472, toa uzito wa kilo uliozidishwa kwa 0.1263, ongeza umri uliozidishwa kwa 0.074, toa 20.4022. Unapata kilojuli kwa dakika. Gawa kwa 4.184 upate kalori.

Weka namba zako: mapigo 154, kilo 78, miaka 38. Jibu ni kilojuli 41.4, yaani kalori 9.9 kwa dakika. Kwa dakika 55 ni 545. Saa yako ilisema 540, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa inatumia kanuni hii au ndugu yake. Sasa jaribu kuweka mapigo 60, ambayo ni ya mtu aliyetulia kwenye kiti. Utapata jibu lililo chini ya sifuri, na hakuna binadamu anayetumia kalori pungufu ya sifuri. Kanuni ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye mazoezini, tena kwa mazoezi ya mfululizo, na nje ya hapo haina maana. Kariri namba moja tu: kwako wewe, kila pigo moja la ziada kwa dakika linaongeza kalori 0.107 kwa dakika. Mapigo 10 yaliyopimwa vibaya kwa saa nzima ni kalori 64 za bure.

Tuje kwenye grafu uliyotuma, maana ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu. Dakika 35 za kwanza mstari unapanda pole pole, unatetereka hapa na pale, unatulia kwenye 148 hivi. Huo ni mstari wa moyo. Dakika ya 36, ulipogeuka kuanza kushuka, mstari unaruka ghafla hadi 164 na kubaki hapo dakika 20, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mtu anayeanza kushuka mlima mapigo yake hupungua. Hayaruki juu kwa 16 ndani ya sekunde chache, wala hayakai sawasawa dakika 20 huku barabara ikibadilika. Hayo si mapigo. Ni hatua zako.

Kinachotokea ni hiki. Kila mguu unapogusa ardhi, mkono hutikisika na damu iliyo chini ya ngozi hutikisika nayo. Kihisi kinaona mawimbi mawili, la moyo na la hatua. Ndani ya saa kuna kihisi cha mwendo ambacho kazi yake moja ni kusaidia kuliondoa wimbi la hatua. Wimbi la moyo likiwa dhaifu na la hatua likiwa na nguvu, saa hushika lisilo lake. Mtu akikimbia taratibu hupiga hatua 150 hadi 170 kwa dakika, namba ambayo inafanana mno na mapigo ya mazoezi, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Ukitaka kuhakikisha, ukiwa unashuka hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa sekunde 30, uzidishe kwa 4. Ukipata 41 kwa sekunde 30, ni hatua 164. Kisha simama ghafla, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo bila kukandamiza, hesabu sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Fanya upesi, kwani mapigo hushuka haraka ukisimama. Kwa kasi yako na mteremko huo natarajia upate kitu kama 130 hadi 138. Tukichukua 134, saa imekuongezea mapigo 30 kwa dakika 20, sawa na kalori 64 ambazo hukuzitumia.

Kwa nini wimbi la moyo lilikuwa dhaifu? Baridi. Mbeya mwezi wa Juni na Julai alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10, na mwili hujikinga kwa kubana mishipa ya ngozi ya mikono ili joto lisipotee. Damu inayofika chini ya saa inakuwa kidogo, na kihisi kinabaki kinatafuta. Wenzetu wa Njombe na Makete wanapata shida hii zaidi. Dawa yake haina gharama. Anza na dakika 10 za kuchangamsha mwili ndani ya nyumba, mikono ikizungushwa hadi viganja vipate joto. Saa isikae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Ipandishe upana wa vidole viwili kuelekea kiwiko, mahali penye nyama. Kaza mkanda hadi saa isiteleze ukitikisa mkono, bila kuacha alama nzito ya kubana, na ulegeze ukimaliza. Vaa sweta lenye mikono mirefu juu ya saa. Futa kioo cha chini kila mara, maana losheni na mafuta ya kupaka hukitia ukungu, na sisi wa nyanda za juu kwa kipindi cha kipupwe tunapaka kweli.

Wengi huuliza kama ngozi nyeusi inaharibu kipimo. Melanini hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo swali lina mashiko. Utafiti wa Stanford uliona makosa makubwa zaidi kwa ngozi nyeusi, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020, uliolenga hasa jambo hili, haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya kifaa na kifaa, na kati ya mtu aliyetulia na anayetembea. Usikate tamaa na saa kwa sababu ya rangi yako. Jipime wewe mwenyewe kwa vidole: mara moja umekaa, mara moja baada ya dakika 5 za mwendo wa haraka. Ikikosana na vidole kwa zaidi ya mapigo 5 mara kwa mara, ama imekaa vibaya mkononi ama haikufai.

Jambo la pili ni mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi. Kanieneo ya hewa huku ni karibu asilimia 82 ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Kazi ya kupandisha kilo 78 mita 150 haijabadilika, na oksijeni inayohitajika kuifanya ni ileile, ila moyo lazima uzunguke mara nyingi zaidi kuifikisha. Kwa mgeni wa wiki za mwanzo ni mapigo 5 hadi 10 ya ziada kwa kazi ileile. Saa haijui kwamba umehama. Inaona mapigo zaidi, inaandika kalori zaidi. Chukua mapigo 8 kwa dakika 55: kalori 47 nyingine. Mwili ukizoea ziada hii itapungua, ingawa sehemu yake inaweza kubaki.

Joto nalo hufanya hivyohivyo kwa njia nyingine. Siku utakaposhuka Kyela, mita 500 hivi kando ya Ziwa Nyasa, utakuta mapigo yanapanda kadiri unavyoendelea kutembea hata kama hujaongeza mwendo. Damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, maji yanatoka kwa jasho, na moyo unalazimika kupiga zaidi. Saa itakusifia kwa kalori ambazo ni jasho tu.

Tatu, kanuni inahesabu kila kitu, pamoja na kalori ambazo ungezitumia hata ungelala. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, mwanamke wa vipimo vyako hutumia takriban kalori 1,440 kwa siku kwa kupumua, kupasha mwili joto na kuendesha viungo, yaani 1 kwa dakika. Dakika 55 ni kalori 55. Hizo tayari zimo kwenye mlo wako wa kawaida. Ukizila tena baada ya mazoezi umezila mara mbili. Angalia kwenye programu ya saa: nyingi huonyesha namba mbili, kalori za jumla na kalori za mazoezi. Soma ya pili. Hakikisha pia kipimo ni kilokalori na si kilojuli, kisha fungua wasifu wako. Nyingi huanza na mtu wa kubuni, mara nyingi mwanamume wa kilo 70, na mwenye saa hasahihishi mpaka leo.

Toa hizo tatu kutoka 545 (64, 47 na 55) unabaki na 379.

Sasa tufanye hesabu bila moyo kabisa, kwa njia ya barabara, tuone kama zinakutana. Kutembea tambarare hugharimu nusu kalori kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, juu ya kalori za kupumzika. Kupanda kwa miguu kunaongeza kalori 0.009 kwa kila kilo kwa kila mita unayopanda wima. Kukimbia tambarare ni kalori 1 kwa kilo kwa kilomita. Namba hizi zinatokana na kanuni za Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo ambazo hutumika kwenye maabara za mazoezi duniani kote.

Kupanda kwako: 78 × 2.5 × 0.5 ni 98. Mwinuko: 78 × 150 × 0.009 ni 105. Kushuka ukikimbia: 78 × 2.5 ni 195, lakini mteremko wa asilimia 6 hupunguza gharama kwa robo hivi, tuseme 146. Jumla 349. Njia mbili zisizotegemeana zimepishana kwa kalori 30, na hiyo ni karibu kuliko wengi wanavyopata. Tumia 350. Kama mwinuko wa simu umekosea kwa mita 30, jambo la kawaida kwa simu, jibu litasogea kwa kalori 21 tu.

Hapo ndipo chapati inapoingia. Chapati ya kununua yenye gramu 60 za unga wa ngano na gramu 8 za mafuta ina kalori 290. Mbili ni 580. Umetumia 350, umekula 580: kila siku ya mazoezi ulibaki na ziada ya 230. Mara 4 kwa wiki kwa wiki 8 ni mara 32, jumla 7,360. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kilo yako moja imepatikana. (Uzito hupanda na kushuka kilo moja kwa maji na chumvi peke yake, kwa hiyo usichukue hesabu hii kama hukumu, inaonyesha tu kwamba hakuna muujiza wala ugonjwa wa siri unaohitajika kueleza kilichotokea.) Kama usingejirudishia chochote, 350 mara 32 ni 11,200, karibu kilo moja na nusu chini.

Mwili una ujanja wa ziada ambao saa haiuoni. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wawindaji ambao wanaume hutembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Walipima matumizi ya kalori kwa maji maalumu yanayofuatiliwa kwenye mkojo, njia bora iliyopo kwa mtu anayeishi maisha yake ya kawaida. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya Wahadzabe kwa siku hayakuwa makubwa kuliko ya watu wa Marekani na Ulaya. Tafsiri inayotolewa ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo hata ile 350 isiwe leseni ya kula 350. Siku ya mazoezi kula mlo wako wa kawaida, na njaa ikikubana ongeza kiazi cha kuchemsha: gramu 200 za viazi ni kalori 175 hivi na vinashibisha kuliko chapati.

Kuhusu mkanda wa kifuani. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, si mwanga, na ukivaliwa vizuri hukosea pigo moja au mawili tu. Ungemaliza lile tatizo la hatua, basi. Mwinuko, kalori za kupumzika na mstari wako binafsi vingebaki, kwa kuwa mkanda nao hupeleka mapigo kwenye kanuni ileile. Kama lengo ni kupungua uzito, fedha hiyo nunulia mizani ya jikoni ya kidijitali upime unga na mafuta. Itakulipa haraka zaidi. Kama lengo ni mazoezi yenye mpangilio, mbio za vipindi au maandalizi ya mashindano, nunua. Chagua unaowasiliana na simu kwa Bluetooth na wenye betri ya kidonge ya CR2032, ambayo unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa kuzungusha kifuniko kwa sarafu. Mkanda ukae chini kidogo ya matiti. Loweshea sehemu za mpira kwa maji kabla ya kuvaa: asubuhi ya baridi jasho halijatoka, na mpira mkavu husoma namba za ajabu kama 210 au 40 kwa dakika za mwanzo. Fulana ya nailoni inayopeperuka kwenye hewa kavu ya Julai huzalisha umeme tuli nao ukaleta namba za ajabu kama hizo. Vaa ya pamba inayobana. Ukimaliza suuza kwa maji, kausha, na ubandue kile kidude cha katikati. Kikiachwa kwenye mkanda wenye unyevu kinabaki kinawaka na betri inaisha.

Kuna kazi ambazo hata mapigo yakipimwa sawasawa kalori zitakuwa mbovu. Kunyanyua vyuma, kupiga jembe, kubeba ndoo mbili za maji: mikono inapofanya kazi, mapigo hupanda juu kuliko miguu ingeyapandisha kwa oksijeni ileile, na kubana pumzi kunayapandisha zaidi. Mkono uliokunjwa kwenye mpini nao hubana mishipa chini ya saa, na vivyo hivyo kushika usukani wa baiskeli kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Kwa kazi hizo soma muda uliofanya, usisome kalori.

Basi saa itumie kwa kile inachokiweza, ambacho ni kukulinganisha wewe na wewe. Kwa wiki nne zijazo, barabara ileile, saa ileile, andika vitu vitatu: dakika za kupanda, wastani wa mapigo ya kupanda peke yake (kata sehemu ya kushuka), na mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Jipime uzito asubuhi tatu kwa wiki, umeshatoka chooni na hujanywa chai, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu, uchukue wastani wa wiki. Ukiona dakika 35 zilezile sasa zinapandwa kwa mapigo 138 badala ya 148, moyo umeimarika na mwili umeanza kuzoea mwinuko. Saa siku hiyo itakupa pungufu ya kalori 37 kwa mlima uleule, na watu wengi wanavunjika moyo hapo wakidhani mazoezi yamepungua nguvu. Mlima ni ule, uzito ni ule, kalori ni zilezile. Ikiwa baada ya wiki nne wastani wa uzito haujashuka, punguza chakula kwa kalori 200 kwa siku. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia pekee ni zaidi ya hizo.

Sasa mama. Atenolol ni dawa ya kundi la vizuia beta, na kazi yake moja ni kuzuia moyo usipige haraka. Mama akipanda kilima cha Tukuyu misuli yake inatumia oksijeni kama kawaida lakini mapigo yanabaki chini. Kila mapigo 15 yaliyozuiwa yanafuta kalori 96 kwa saa kwenye kanuni, na kiasi cha kuzuiwa hubadilika kulingana na dozi na saa aliyokunywa. Ile hesabu ya 220 kutoa umri haimhusu pia. Hata kwa watu wasio na dawa hupishana na ukweli kwa mapigo 10 hadi 12 huku na huku, na kwake yeye inaweza kumsukuma ajitese akifukuzia namba ambayo dawa haimruhusu kuifikia. Asiache wala kupunguza dawa ili saa isome vizuri. Kuiacha ghafla kuna hatari kwa moyo.

Saa inaweza kumfaa kwa hesabu ya hatua. Kiwango cha mazoezi apime kwa mdomo: atembee kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza sentensi nzima na jirani yake lakini hawezi kuimba pambio. Akishindwa hata kuzungumza, apunguze. Fedha ya saa ya pili ingefaa zaidi kwenye mashine ya presha ya mkono wa juu, apime asubuhi na jioni akiwa amekaa dakika 5, na daftari hilo aende nalo kliniki. Mapigo ya kupumzika yakiwa chini ya 50, au akihisi kizunguzungu, kuzimia, kifua kubana au pumzi kukata kwenye mwendo aliouzoea, aende hospitali siku hiyohiyo. Wewe pia, ukihesabu kwa vidole ukiwa umekaa na ukapata zaidi ya 100 siku kadhaa mfululizo, kapime wingi wa damu na tezi ya shingo kabla ya kupanda tena.